Idadi ya Watoto wa Jirani Yangu

Mbarara, Jumatano. Mvua tangu mchana.

Wewe unayesoma, nakusihi, usimwambie mtu. Hata neno moja. Kazi hii ya ukarani kambini ndiyo inayotulisha nyumbani, na bado niko kwenye majaribio.

Nimejibanza kwenye chumba cha intaneti karibu na stendi. Bahasha nimeificha chini ya shati isilowe. Ofisi ninakotakiwa kuifikisha inafunga saa kumi na moja.

Asubuhi, kule kambi ya wakimbizi ya Nakivale, niliandika kwa Kiingereza maelezo ya usajili ya mama mmoja wa Kivu Kusini, jirani yetu wa kijiji cha Kashojwa. Nilimuuliza ana watoto wangapi. Akanitazama kana kwamba nimemtukana.

"Batoto hatubahesabuke, mwanangu. Ukibahesabu, kifo nayo inasikia."

Watatu walikuwa wameketi miguuni pake. Mkubwa wao hakuwapo; alipotea njiani walipokuwa wakikimbia.

"Eko fasi," alisema, yaani yuko mahali. "Sijui fasi gani, lakini eko."

Nikaandika "a number of children": watoto kadhaa, na mlango unabaki wazi. Mkuu wangu akacheka.

"Ssebo, bwana, hiyo 'a number' iko ngapi? Mbarara wanataka namba. Andika 'the number of children is three', maliza. Ama unajua Kizungu kushinda wenyewe?"

Nikaandika "the". Idadi yao yote: watatu, basi.

Kisha, kama tunavyofanya kwa kila mtu, nikamsomea kwa Kiswahili kabla hajaweka kidole gumba. Nilisoma, "Watoto walioko hapa ni watatu." Hilo "walioko hapa" halimo kwenye karatasi. Niliogopa macho yake. Akaweka kidole, na karatasi ndiyo iliyomo kwenye bahasha hii.

Yule aliyepotea akipatikana kesho, karatasi itamwambia mama yake: huyu si wako.

Nikiibadilisha hapa, nimeghushi. Nikiikabidhi, nimemfuta mtoto. Nikirudi nayo, sina kazi. Mungu wangu, kwa nini mimi?

Saa kumi na moja imepita nikiandika haya. Bahasha bado iko kifuani.

Narudi nayo. Nitamsomea upya, neno kwa neno, aamue mwenyewe kama bado anaweka kidole.

Anayenihitaji asiniulizie tena ofisini. Afike Kashojwa, aulizie kwa Mama Riziki. Mimi ni mlango wa pili. Atafika tu, hakuna asiyemjua kwa jina hilo.

Riziki ndiye yule mkubwa, aliyepotea njiani.