Dawa za Pande Mbili

Mella, Tororo

Dada yangu Atai,

Pokea salamu zetu sote. Natumaini goti limeacha kukusumbua na biashara ya dagaa wa omena inatembea. Hapa mvua imefika, ulezi umeota vizuri shambani, na Resty na watoto ni wazima. Mimi nina nafuu, na nafuu hiyo ndiyo imenipa nguvu ya kuandika.

Mteja wako Oguttu amenifikishia lawama zako, kwamba naonekana Busia upande wa Kenya nikipita nyuma ya soko bila kukusalimia. Ni kweli. Nasikia wenzako wamekwisha kunipatia mwanamke huko, tena mwenye duka. Habari zake zilimfikia Resty pia, akaniuliza kama anapika vizuri kumshinda yeye. Hakuna mwanamke, dada. Nilikuwa nakwenda kwa daktari.

Tangu tulipomzika baba sikupata usingizi wala hamu ya shamba. Nilianza kunywa waragi, pombe kali, ili nilale, kisha nikawa nainywa asubuhi ili niamke. Hospitali ya Tororo nilikwenda kutibiwa pombe, nikaficha huzuni, maana kuna ndugu zetu wanaofanya kazi pale nami sikutaka isemwe kwamba Engole bado anamlilia baba. Busia nilisema ni kukosa usingizi tu, nikaficha pombe, kwa kuwa daktari yule anaabudu kanisani kwenu. Kila upande ulisikia nusu ya habari, ukanipa dawa ya nusu hiyo.

Wakati wa kulima nilimeza vidonge vya Busia juu ya waragi, nikaanguka usingizini nyuma ya plau. Ng'ombe waliingia kwenye muhogo wa jirani yangu Olupot. Ndiye aliyeniokota. Alisema, "Engole, ng'ombe yako iko na akili kukushinda. Hiyo ilisimama." Kisha akanipeleka Tororo kwa pikipiki yake.

Muuguzi wa zamu, Sista Mugeni, Msamia wa Lunyo, alikuta pakiti zote mbili za dawa mfukoni mwangu. Akauliza, "Hizi ni za watu wawili?" Nikamwambia ni zangu. Alivuta kiti. Alinieleza kwamba pombe na sonona, yaani huzuni iliyogeuka ugonjwa, hulishana. Ukitibu moja, ile uliyoiacha humrudisha mwenzake. Walinilaza mpaka mwili ukazoea kukaa bila pombe. Sasa napata dawa na mazungumzo mahali pamoja, kila wiki. Mrija wangu wa kunywea ajon, pombe ya ulezi, nimempa Olupot. Aliahidi kuutunza, nikamwambia autumie.

Hayo Resty anayajua. Hili halijui. Sista aliniuliza waziwazi kama nimewahi kutaka kufa. Nilijibu ndiyo, karibu kila siku tangu Krismasi. Ndiyo sababu dawa ya kupulizia nyanya iko kwa Olupot. Resty anadhani nimemwazima. Siku hizi wazo hilo huja kwa nadra, na likija nimeagizwa nimwambie mtu wa nyumbani. Mtu huyo bado sina. Nilikupigia simu nikueleze, tukaishia kuzungumzia mvua.

Nataka kumwambia Resty Jumapili, tukitoka kanisani. Tukiwa peke yetu nitaleta utani, unanijua. Njoo uketi nasi. Nikianza mzaha, ninyamazishe.

Msalimie shemeji, na binti yenu Prossy pia. Kama bado una hasira kwamba nilikupita sokoni, njoo nayo.

Mdogo wako,
Engole