Flashi Iliyopigwa Gundi

4 Machi

Shikamoo Baba,

Habari za huko? Mgongo unaendeleaje? Sisi wazima, ila mafua yanatuzungukia kwa zamu.

Chumba chako hapa kwangu kiko tayari. Nimekipaka rangi mwenyewe, nusu ya rangi imeishia kwenye nywele. Mwambie mwenye nyumba aje achukue funguo za karakana mwisho wa mwezi. Redio za kutengeneza haziletwi tena, wewe mwenyewe umesema. Unashinda humo unaongea na koleo!

Kwenye bahasha kuna flashi, ya kukupotezea muda mpaka uhame. Ichomeke kwenye ile kompyuta yangu ya chuo inayovuta miguu. Ina mfumo huria wa kuendeshea kompyuta: haununuliwi, na yeyote anaruhusiwa kuufungua aone ulivyoundwa. Maelezo yako kwa Kiswahili.

Binti yako

19 Machi

Marahaba mwanangu,

Mgongo upo, unaniamsha kila asubuhi. Poleni na mafua.

Mwenye nyumba nimeshamwambia. Kuhama nitahama, ila moyo mzito, nisikufiche.

Halafu flashi yako ina walakini. Nimeuweka mfumo, ukakubali. Nikazima, nikawasha: unaniuliza nataka lugha gani. Nikauweka tena. Nikawasha: lugha gani? Wiki nzima tunajuliana hali upya kama wageni! Hata marehemu mama yako hakuwahi kuniuliza jambo moja mara nyingi hivyo.

Na si kwamba flashi inacheza. Nimeipiga gundi.

Baba

27 Machi

Shikamoo Baba,

Mgongo upe pole. Gundi, Baba? Nimecheka mpaka mafua yakarudi. Flashi ni ya kuwekea mfumo tu, ukimaliza unaichomoa. Ikibaki humo, kompyuta inaisoma hiyo kwanza na kuanza upya. Ikigoma kutoka, achana nayo. Umeshaanza kufunga mizigo?

Binti yako

16 Aprili

Baba, shikamoo.

Mwezi umeisha, hujafika, hujajibu. Nikipiga simu unasema "niko kazini" unakata. Kazi gani? Roho yangu haijatulia. U mzima kweli?

Binti yako

22 Aprili

Marahaba mwanangu,

Mzima kabisa, nisamehe kwa kimya. Kwenye redio, kifaa ukishakiweka mahali pake hukitoi, ndivyo mkono wangu ulivyozoea. Flashi nimeichomoa kwa spiriti na subira. Sasa kompyuta yako inawaka kabla sijakaa vizuri kitini.

Basi nikaanza kuuchungulia ule mfumo kwa ndani. Sielewi hata robo yake. Lakini zamani redio zilikuja na mchoro wa nyaya umebandikwa ndani ya kifuniko, fundi afungue aone. Baadaye wakaacha, ukifungua unakuta vitisho vya "usiguse" tu. Nilidhani nitakufa sijauona tena mchoro wa aina ile. Nimeuona, mwanangu. Nilifurahi mpaka nikarudishia mlango, watu wasinione.

Fundi cherehani wa jirani akaleta kompyuta yake iliyolala miaka. Ikafufuka. Unaujua mdomo wake, mtaa mzima ukasikia. Sasa meza imejaa kompyuta, nyingine nimezipanga chini, napita kwa ubavu.

Mwenye nyumba alikuja kuchukua funguo, mwisho wa mwezi kama tulivyokubaliana. Alikuja na kompyuta ya mkewe kwapani. Akaondoka bila funguo na bila kompyuta.

Chumba changu usimpe mtu. Nitakuja kulala humo siku za likizo. Si mtu mwenye kazi ana likizo?

Baba