Wa Tatu ni Shangazi, Mruke

Mwaka umetimia, mke wangu, tangu ulipoinamisha kichwa kwenye meza yako ya kazi hapa nyumbani, tukadhani umesinzia. Chai tuliyokuwekea ilipoa pembeni ya kompyuta. Kiti chako hakuna anayekikalia tangu siku hiyo, isipokuwa paka.

Kazini walikuita Bi Vipande. Kila Jumatatu uliwatumia wenzako wa kitengo cha kompyuta pale hospitalini kipande kifupi cha msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, mistari michache tu, chenye mbinu moja ndani yake: cha kupanga majina, cha kugawa zamu, cha kunasa kosa kabla halijamfikia mgonjwa. Ukawaambia, "Msimeze, tafuneni. Kisomeni, kivunjeni, halafu mkiandike upya bila kuchungulia." Wachache walitafuna. Wengi walimeza, na leo wana vyeo.

Mifano uliitoa nyumbani. Kile cha zamu kilikuwa sisi na kuosha vyombo vya jikoni: mama yako, mimi, shangazi yako, binti yetu, wewe. Ndani yake uliacha maelezo kwa lugha ya kawaida: "Wa tatu ni Shangazi, mgongo unamuuma. Mruke." Hapo ndipo hata mimi, fundi friji, nilipoelewa jinsi programu inavyoizunguka orodha na kumruka mtu. Kila jioni simu zetu zilituandikia ni zamu ya nani, na Shangazi akatazama televisheni kwa idhini ya kompyuta.

Sasa tuje kwa mkuu wako wa kitengo, yule uliyempachika jina la Bwana Bandika, maana hajawahi kuandika mstari wake mwenyewe. Siku ya mazishi alishika kipaza sauti akasema alikulea kikazi. Tulimwacha amalize kwa heshima yako, si yake. Udongo haujakauka, akavikusanya vipande vyako kwenye kitabu, akafuta jina lako juu ya kila kimoja, akaweka lake, na kwenye jalada akatia picha yake na tai nyekundu. Amekiita "Mbinu Zangu". Mtu mzima na mvi zake.

Juu alifuta, ndani hakusoma. Kile kipande cha zamu alikichukua, akaondoa majina yetu, akabandika ya wauguzi wa wodi moja, kiwapangie zamu. Wodi ikashangaa: muuguzi wa tatu kwenye orodha hapangiwi zamu hata moja, wenzake wanafanya kazi yake na kumnunia, naye maskini hajui amekosa nini. Bwana Bandika akazima, akawasha, akabadilisha rangi ya ukurasa. Iliposhindikana, mwezi uliopita alikuja kwetu na kompyuta kwapani.

"Shemeji, kuna hitilafu ndogo," akaniambia. "Nauliza kama marehemu aliacha maelezo yoyote."

Binti yetu aliivuta ile kompyuta akasoma kwa sauti: "Wa tatu ni Shangazi, mgongo unamuuma. Mruke."

"Abee," Shangazi akaitika kutoka chumbani. "Nani ananitaja?"

Bwana Bandika alitazama zulia. Binti akamwambia mstari wa kuondoa anaujua, ila kwanza jina la mama yake lirudi kwenye kitabu.

"Jina ni kitu kidogo, mwanangu."

"Kama ni kidogo, mbona ulihangaika kulifuta?"

Akaahidi kulirudisha. Tukamwonyesha mstari, kwa ajili ya wale wauguzi. Wiki iliyofuata alitoa toleo jipya, "lililosahihishwa na mwandishi", na mwandishi ni yeye yule na tai ile ile. Hatumchukii, mke wangu. Chuki inataka mtu mwenye angalau uzito kidogo. Huyu tunamdharau tu, na tunalala vizuri.

Kuna jambo hujalijua. Baada ya mazishi binti yetu aliuliza kama akutoe kwenye orodha ya vyombo. Alisema ni kazi ya kubonyeza mara moja. Tulikuwa mezani, mama yako akaanza kulia. Shangazi ndiye aliyejibu: "Mwache hapo hapo. Siku yake nitaosha mimi."

Kwa hiyo zamu yako ikifika, simu zetu bado zinaandika, "Leo ni Mama." Shangazi anainuka, anakunja mikono ya gauni na kuosha mpaka sufuria zilizoungua. Anaosha huku analia, na hataki kusaidiwa. Mgongo, tumegundua, hauna tatizo lolote.

Unakumbukwa na mumeo, fundi friji. Mama yako mzazi. Binti yako, anayetafuna kama ulivyomfundisha. Wale wachache wa kitengo waliosoma. Na shangazi yako, wa tatu, ambaye sasa harukwi.

Tunakukumbuka leo na siku zote. Kukufuta tunajua, na hatutakufuta.