Nilimshtaki Mama kwa Ulevi

Jumatatu, 2 Septemba 1996
Nimefungua duka saa mbili. Misumari imetoka, saruji bado. Mama kaokotwa tena soko la Kwa Mrombo, anayumba, kavaa kiatu chake kimoja na changu kimoja. Watu wanasema kalewa mbege. Aibu. Mimi ni mzee wa kanisa.

Jumapili, 8 Septemba
Baraza la wazee. Nimemshtaki Mama mimi mwenyewe. Ulevi. Hakuna aliyenituma. Nilitaka nisifiwe kwamba sina upendeleo. Wamemtenga na Meza ya Bwana, asipokee mkate na divai.

Jumatano, 11 Septemba
Mama kalala mchana, nikamnusa mdomo kama polisi. Hakuna pombe. Nikanusa kikombe chake. Chai.
Mke wangu Eliaika kanikuta. "Mama yako hajagusa mbege tangu aje kwetu. Kila asubuhi ananiuliza mimi mtoto wa nani. Nilikuambia mwaka jana, ukasema namchukia mkwe."
Kweli nilisema.

Ijumaa, 13 Septemba
Hospitali. Daktari ni binti mdogo. Mama kamwamkia shikamoo! Binti hakucheka, wala hakuitikia marahaba. "Shikamoo wewe, bibi."
Kampa maneno matatu ayashike: maji, jembe, kuku. Baadaye kamuuliza. Mama: "Kwani kuku wangu hujamlipia?" Tulicheka wote, na yeye.
Akaambiwa ataje watoto wake. Kataja wanne. Tuko watano. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake.
Daktari kauliza ilianza lini, kama anaanguka, anapotea wapi: yote kajibu Eliaika. Wamechukua damu.

Jumanne, 17 Septemba
Majibu. Damu safi. Presha iko juu, hiyo ina dawa. Kusahau na kuyumba ni ugonjwa wa ubongo, wanauita dimenshia. Hauponi. "Si pombe, baba, na si laana. Msimwache atembee peke yake."
Nimelia kwenye korido. Halafu nikashukuru. Sasa najua anaumwa nini. Nimemshukuru na Eliaika, kwa mdomo wangu. Nilichelewa.

Jumapili, 22 Septemba
Nimesimama mbele ya usharika. Nimesema nilimsingizia mama yangu mgonjwa. Mchungaji kamrudisha Mezani. Uzee wa kanisa nimeuacha.

Jumapili, 29 Septemba
Chakula cha Bwana. Mama kapiga magoti katikati yetu, kapokea. Tukarudi kukaa. Kundi lingine likaenda, Mama naye kasimama akalifuata. Nikataka kumvuta kanga. Eliaika kanishika mkono.
Mchungaji kamwona. Kampa tena.
Hakuna aliyecheka. Nikamsogezea nafasi, nikamsubiri arudi.