Muhuri wa Dorsaf

Ain Zerga, 2 Machi 2009

Mwanangu Dorsaf,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ila magoti ya mama yako yanamsumbua. Kikohozi chako kimeisha? Kisima kimekauka tena. Profesa Bouthaina wa chuoni kwenu anataka kupima visima vyote, tujue kama kiwanda cha maji ya chupa ndicho kinachotunyonya. Kiwanda chenyewe kimekubali kulipia. Karatasi zinasubiri muhuri, na mwenye muhuri si wewe? Mkahawani wananiuliza kila siku.

Baba yako

Tunis, 9 Machi

Baba mpenzi,

Pole kwa kisima. Kikohozi kipo, nimekizoea. Kazi yangu ni kusema kila fedha inayoingia chuoni ni ya aina gani. Hiba haidai kitu. Mtoaji akishatoa, basi. Ruzuku inadai ripoti, lakini matokeo ni ya chuo. Mkataba ni kazi iliyonunuliwa. Hii wameiita hiba, na ndani wameandika kwamba vipimo haonyeshwi mtu bila idhini ya kiwanda. Mkuu wangu kaniambia, "Dorsaf, gonga muhuri twende nyumbani." Nikigonga muhuri wa hiba, watapima kisima chako na wewe hutaambiwa. Nimeandika: mkataba.

Binti yako

Ain Zerga, 20 Machi

Dorsaf,

Kiwanda kimejitoa, kinasema kilitaka kutoa hiba, si mkataba. Bwana Mongi wa mkahawani kanitolea uvivu mbele za watu: "Binti yako kasoma mpaka kasahau kiu." Hiba, mkataba, sisi tulitaka kupimiwa tu.

Baba

Tunis, 21 Mei

Baba,

Hii ni barua ya tatu, hujajibu. Mama hajambo? Mimi nimehamishiwa ghala la majalada. Hakuna dirisha. Sijutii, nimechoka tu. Niandikie hata mstari mmoja.

Binti yako

Ain Zerga, 18 Julai

Mwanangu,

Barua zote nilizipata. Kwanza hasira ilinizuia, baadaye aibu. Juzi Profesa alikuja kwa gari lake mwenyewe, mumewe kashika kamba, wakapima visima kumi na tisa juani. Kisha akasimama mkahawani akayasoma matokeo yote kwa sauti. Chetu kimeshuka mita kumi na moja tangu kiwanda kifunguliwe. Bwana Mongi akanilipia kahawa.

Maji hayajarudi, usidhani. Tunasubiri lori, tunabeba ndoo, tunalala hoi. Lakini karatasi ya vipimo imebandikwa mlangoni kwa manispaa, na kila apitaye anaisoma. Nami nimewaambia ni nani aliyekataa kugonga muhuri.

Baba yako