Shaba Aliyoiacha Rehema

Jumanne. Vumbi limetanda tangu alfajiri, jua halionekani, ila joto liko pale pale.

Leo Rehema amerudishwa kwao Tanga.

Kwa asiyemjua, Rehema alikuwa akisafisha shaba kwenye karakana yetu ya samani za kale, hapa Dubai Investments Park. Mimi navalisha viti vitambaa upande wa mbele. Yeye alikaa chumba cha nyuma na beseni la asidi, mlango umefungwa ili vumbi lisiingie. Alianza kukohoa kabla ya Ramadhani. Sote tukasema ni AC.

Kazi yake ya mwisho ni vyombo vya meko ya ukutani, ile ambayo Wazungu huotea moto wakati wa baridi: koleo la makaa, sepetu ndogo, brashi na chuma cha kuchochea kuni. Vinaning'inia kwenye nguzo ya shaba yenye michirizi kama nguzo za mahekalu ya Wagiriki, na chini ina miguu ya simba. Ni vizuri, siwezi kusema uongo. Vinakwenda kwenye villa ambayo meko yake ni ya taa tu.

Wiki iliyopita nilimkuta ameketi sakafuni, midomo imekuwa ya kijivu, kitambaa bado kipo mkononi. Hospitali walisema mapafu yameungua na hayatakuwa tena kama zamani.

Arbab, mwenye karakana, hakufoka. Alimkatia tiketi mwenyewe. "Khalas, akapumzike kwa mama yake," alisema, kama mtu anayetoa zawadi.

Asubuhi nilimfungia Rehema begi. Alizungumza kwa vipande, akisimama kuvuta pumzi.

"Mama anajua naja likizo. Mwambie wewe, mdogo wangu. Mimi nikianza tu, nitakohoa."

Nilikubali. Gari likamchukua.

Nilipofika kazini, arbab alinionyesha chumba cha nyuma. Vyombo vya meko vilikuwa havijakamilika.

"Sir, nitafanya, lakini mlango uwe wazi."

"Na vumbi hili? Mteja anakuja kesho."

"Basi siwezi, sir."

Hakukasirika. Aliniuliza tu visa yangu inaisha lini, ilhali anajua ni mwezi ujao. Nikawaza ada ya shule ya mwanangu kule Malindi. Nikaingia.

Mlango niliufunga kwa mkono wangu mwenyewe.

Sasa niko kitandani, koo linawasha, na simu iko kifuani. Rehema bado yuko njiani. Nadhani mama yake ameshatandika shuka safi, na majirani wameshaambiwa. Tangu magharibi nimefungua namba ya mama huyo na kuifunga tena. Habari za mapafu nitajua namna ya kuzisema, polepole.

Lakini akiniuliza ile kazi sasa anaifanya nani?

Napiga.