Waliosema Mtoto Hafungwi

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie, maana watu wa nyumbani wameshanisaidia hadi nimekwama. Mimi ni mjane, nafua mashuka hospitalini, naishi chumba cha uani kwa kaka yangu pamoja na mwanangu wa pekee mwenye miaka kumi na sita, na kaka ndiye aliyemsomesha tangu baba yake afariki, kwa hiyo nikifungua mdomo juu ya kaka naonekana sina fadhila. Kaka ana kijana wake mkubwa, fundi wa kuchomea vyuma, tunamwita Meneja tangu utotoni kwa jinsi anavyopenda kutuma wenzake, na huyo Meneja ndiye aliyemchukua mwanangu wakaenda kuiba kwenye ghala la vifaa vya ujenzi, mlinzi akawakuta, akapigwa nondo usoni, jicho likaharibika.

Ngazi waliyoiacha pale ilikuwa ya kaka, akajua polisi watafika tu, basi akamkalisha mwanangu sebuleni akamwambia Meneja ana mke mjamzito na ndiye anayetulisha, wewe ni mtoto, mtoto hafungwi, utapelekwa shule ya marekebisho utarudi na ufundi wako, na mimi nikarudi kutoka kazini nikakuta wameshaelewana kama watu wanaouziana mbuzi, nikanyamaza. Mwanangu akawaambia polisi alikuwa peke yake na nondo aliishika yeye. Nilipokwenda kumwona mahabusu akaninong'oneza, "Mama, mimi nilikuwa nje nimeshika ngazi, nilisikia kelele tu."

Sasa mwendesha mashtaka anasema kosa ni zito mno, anaomba kesi ihamishiwe mahakama ya watu wazima, na hakimu ataamua Jumatatu. Kaka anasema, "Tulia dada, hakimu akiona kidevu hakina hata unywele atalegea." Mke wa mlinzi naye alinikuta nje ya mahakama akaniambia, "Jicho haliulizi aliyelitoa ana miaka mingapi." Mshauri, ni haki gani hii, mtoto ambaye hata laini ya simu haruhusiwi kusajili ahukumiwe kama mtu mzima? Na nikisema ukweli, nitalala wapi, na nitamtazamaje wifi yangu?

Mama Mfuaji

MSHAURI ANAJIBU:

Mama, pole. Ipokee vizuri hiyo pole, maana ni moja tu, na baada yake nitakusema.

Nianze na swali lako. Mimi naamini mtoto ahukumiwe kama mtoto, hata kosa likiwa kubwa, kwa sababu ukubwa wa kosa haumwongezei mtu miaka. Lakini unamlalamikia mwendesha mashtaka kwa jambo ambalo kaka yako alishalifanya kabla yake. Kuokoa ndoa ya mtu, mimba na chakula cha nyumba nzima ni mzigo wa mtu mzima, na aliyebebeshwa ni mwanao, akiwa amekaa sebuleni kwenu. Wewe ukakuta, ukanyamaza, mkala, mkalala. Hapo hapakuwa na hakimu.

Mke wa mlinzi kasema kweli, na ndiyo sababu anastahili kumjua aliyelitoa hilo jicho. Mnachompa sasa ni mtu wa kumchukia, tena siye.

Kesho omba ruhusa kazini. Nenda ofisi ya msaada wa kisheria, watoto hutetewa bila malipo, umweleze wakili yote bila kuchagua, maana mficha uchi hazai. Mwombe afisa wa ustawi wa jamii asikilize pia, kabla ya Jumatatu. Kaka yako mwambie baadaye, ukishatoka kwa wakili, na vitu vyako viwe vimefungwa, kwa kuwa chumba hicho huenda ukakikosa. Omba mfuaji mwenzako akupe pa kulala. Karo ni fadhila, sikatai, ila fadhila ya karo hailipwi kwa kumtoa kafara mtoto mwenyewe. Mke wa Meneja namhurumia, ila mimba ile si ya mwanao.

Na usidhani namtetea kijana wako asijibu lolote. Aliyeshika ngazi naye ameiba. Ajibu kwa hilo, kwa umri wake, na siku moja amwangalie yule mlinzi akamwombe radhi kwa alichofanya yeye.

Sasa lililo gumu. Ukifika mahabusu, mwanao atakataa kubadili maelezo. Atakwambia amemwahidi mjomba, kwamba mwanaume hageuki, maneno ya kukopa kwa Meneja. Utatamani kumbembeleza. Usimbembeleze. Mjomba wake alimbembeleza, naye akakubali, kwa sababu ni mtoto. Wewe ni mama yake. Mwamuru aseme ukweli.